Barua ya Kurasa Tatu kwa Watu wa Kodi

Walisema nitarudi kutoka Ghuba na redio kubwa na viatu vya kung'aa, basi. Walisema diploma ya majokofu ni cheti cha kutengenezea akina mama wa kioski friji za soda. Mzee mmoja pale Makongeni, jirani yetu tangu siku ambazo wazazi wetu walikuwa wafanyakazi wa reli, alinishika mkono nje ya kanisa na kuniambia huku watu wakisikia: "Kijana, karakana si mchezo. Utafungua Januari, ufunge Pasaka." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu mtu anayeijua kazi yake hana haja ya kubishana.

Pasaka nyingi zimepita. Ninaandika haya nikiwa katika karakana hiyo hiyo, Kariobangi, nyuma ya meza niliyoichomelea mwenyewe. Nilikaa miaka saba juu ya paa za majengo ya Doha, mahali ambapo ukisahau spana juani huwezi kuishika tena bila glavu. Nilikuwa Mwafrika pekee aliyepewa funguo za chumba cha mitambo. Niliporudi, sikuleta redio. Nilileta mikono yangu, geji zangu za gesi na pampu ya kunyonya hewa ambayo hata leo hujaona nzuri kama hiyo mtaani. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wachuuzi wa mbuzi wa Kiamaiko. Vyumba vyao vya baridi vilikuwa vikifa kila wiki na nyama ikibadilika rangi. Vyumba nilivyovigusa mimi havikufa tena. Habari ikasafiri, na mwaka uliofuata nikaitwa na kiwanda kimoja cha maziwa huko Industrial Area.

Nilikuwa na mafundi sita. Watano niliwafundisha mwenyewe. Wa sita alikuwa fundi mzee, mtu wa kwetu magharibi, aliyenizidi umri lakini hakunizidi cheti. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia kuwasimamia wengine.

Wakati huo makato ya wafanyakazi yalikuwa yakibadilika kila bajeti. Karatasi ya mshahara ilirefuka: kodi yenyewe, tozo ya nyumba, mchango mpya wa afya, akiba ya uzeeni iliyopandishwa. Waajiri wengi wakapata ujanja wa kuwageuza wafanyakazi wao kuwa wakandarasi. Jana uko kwenye orodha ya mishahara, leo unaleta ankara, na mtambo unaoushughulikia ni ule ule. Hata kile kiwanda cha maziwa kiliniita kwa sababu kilikuwa kimewaachisha mafundi wake na sasa kilitaka mtu wa mkataba. Nikajiambia, kama wakubwa wanafanya hivyo, mimi ni nani? Nikachapisha karatasi sita zilizosema: Mimi ni mkandarasi huru na nitajilipia kodi yangu. Mafundi wakatia sahihi juu ya boneti ya pikapu.

Fundi mzee aliisoma ya kwake mara mbili. "Injinia, sasa hii inamaanisha naweza kuja kazi saa nne?"

"Jaribu uone," nikamwambia.

Tukacheka sote. Asubuhi iliyofuata alikuja saa moja kasorobo, kama kawaida.

Jumamosi moja akaja dada wa bima. Anakaa kwenye ploti yetu kule Umoja, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na nusu ya kanisa letu imenunua kwake bima ya mazishi. Alikalia kreti ya kompresa, akafungua mkoba wake wa ngozi na kutoa karatasi ambayo sikuwahi kuiona.

"Kaka, hii ni ya wakandarasi. Watu wa kodi wakiamua kukukagua, kampuni inakulipia mhasibu wa kukusimamia mpaka mwisho."

"Yaani bima ya kuogopa serikali?"

"Una bima ya moto hapa?"

"Ninayo."

"Kwa hivyo unapanga kuwasha?"

Mafundi wakapiga kelele za furaha. Mmoja akasema, "Injinia, hapo umepigwa moja bila!"

Nikamuuliza kama hiyo bima ingelipa kodi pia. Hakunificha. "Kodi ni yako, kaka. Ukidaiwa, utalipa mwenyewe. Hii inamlipa mtu wa kukuonyesha kama kweli unadaiwa, na kiasi gani. Wewe unajua mhasibu mzuri anataka pesa ngapi kwa miezi sita?"

Sikujua, na sikuonyesha kwamba sijui. Nilikuwa karibu kumrudisha na karatasi zake, kisha akataja kwamba mkandarasi mmoja wa kupaka rangi nyumba, anayeimba besi kwenye kwaya hiyo, alikuwa ameshachukua. Mimi siwezi kupitwa na mpaka rangi. Nikatia sahihi siku hiyo hiyo, nikaiweka ile karatasi kwenye droo pamoja na waranti za kompresa, na sikuisoma. Mimi ninayesoma kitabu cha kila mtambo mpaka anwani ya kiwanda iliyo nyuma, sikuisoma.

Miezi minane baadaye ilikuja barua pepe kutoka ofisi ya kodi. Ilikuwa fupi na yenye adabu. Walikuwa wameona malipo yangu kwa watu sita kwa miaka mitatu mfululizo, na waliomba nieleze uhusiano wangu na watu hao. Hawakuomba zaidi ya hapo.

Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi kwamba hatimaye kuna ofisi ya serikali iliyotaka kujua ninachofanya. Chuoni, somo la kuandika ripoti nililipita kwa alama za juu kuliko darasa zima, na mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya wenzangu. Nikakaa chini, nikavaa miwani, nikaandika kurasa tatu. Nilieleza nilivyowatoa vijana hawa mtaani bila ujuzi nikawapa kazi ya mikono. Nilieleza kwamba wote sita wanaripoti kwangu saa moja asubuhi, na hakuna anayegusa mtambo bila ruhusa yangu. Kwamba ovaroli, viatu na vifaa vyote ni mali yangu. Kwamba kila Desemba nawapa likizo ya wiki mbili yenye malipo waende nyumbani, na juu yake nauli, sukari na mafuta ya kupikia. Kwamba mamake mmoja wao alipofariki, nilinunua jeneza. Nilimalizia kwa kusema kwamba kama wenye biashara wote wangekuwa kama mimi, nchi hii ingekuwa mbali. Nikabonyeza, ikaenda.

Jioni nikamwonyesha mke wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na huwa hasomi kitu bila kalamu mkononi. Alipofika ukurasa wa pili aliiweka kalamu mezani.

"Mzee, hukuulizwa kama wewe ni mtu mzuri. Uliulizwa hawa watu ni kina nani kwako."

"Si nimewaambia?"

"Umewaambia, ndiyo."

Baada ya wiki tatu ikaja ya pili, na hiyo haikuwa fupi. Ilikuwa taarifa ya ukaguzi. Kwa maelezo yangu mwenyewe, ilisema, watu hawa sita walionekana kuwa waajiriwa wangu. Kwa hiyo huenda nilipaswa kuwakata kodi ya mishahara na makato mengine kwa miaka yote mitatu, na kama ni hivyo, nilidaiwa yote pamoja na adhabu na riba. Nilichukua kalamu ya mke wangu nikapiga hesabu. Ilikuwa ni kuuza pikapu, pampu na geji, na kurudishiwa pango la karakana nililolipa mbele, na bado isingetosha. Kwa maneno mengine, ilikuwa ni karakana yangu yote. Ningerudi kuvaa ovaroli yenye jina la mtu mwingine kifuani, nikiwa na umri wa kupata wajukuu.

Ndipo nilipoikumbuka droo.

Dada wa bima alikuja siku hiyo hiyo baada ya mazoezi ya kwaya. Alikaa mezani petu, akaomba kuona barua niliyoiandika. Alisoma kurasa zote tatu. Kisha akamtazama mke wangu, na wote wawili wakaanza kucheka, si kwa ubaya, lakini walicheka mpaka dada akajifuta macho kwa leso.

"Kaka, hii si barua. Huu ni ushuhuda wa Jumapili. Imebaki tu kusema Bwana asifiwe."

Alipotulia, akanionyesha kifungu kwenye karatasi ya bima: mwenye bima asijibu lolote kabla ya kuijulisha kampuni. Mimi nilikuwa nimejibu kurasa tatu. Kampuni ingeweza kukataa.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nyamaza, kaka. Kwa mara ya kwanza tangu nikujue, nyamaza. Usiandike, usipige simu. Niachie mimi."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Nilikwenda kazini, nikarudi, sikumsimulia mtu habari za Doha. Yeye alikwenda ofisini kwao mjini mara tatu kwa nauli yake. Alichowaambia wakubwa wake alikuja kunieleza baadaye: kwamba kifungu kile kinahesabiwa tangu taarifa ya ukaguzi itoke, na barua yangu ilikuwa jibu la swali la kawaida kabla ya ukaguzi wowote kufunguliwa. Mara mbili walikataa. Mara ya tatu alikwenda na barua zote mbili za ofisi ya kodi, akazipanga kwa tarehe mezani kwao, akakataa kuondoka. Ijumaa alinipigia simu. "Wamekubali. Jumatatu uende Eastleigh, mhasibu wako anakungoja."

Mhasibu alikuwa mzee mfupi mwenye sweta ya kijivu, na ofisi yake ilikuwa juu kabisa ya jengo la maduka ya nguo. Ulipanda ngazi ukipita marobota ya mapazia. Nilimweleza kwamba nina diploma na nimefanya kazi nje. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akaniuliza swali moja.

"Desemba, hawa mafundi wako wakienda nyumbani, unawalipa?"

"Nawalipa. Sitaki mtu wangu akae na familia yake mikono mitupu."

"Ni jambo jema sana," akasema, na niliona kwamba anamaanisha. "Lakini kibarua halipwi akiwa ushago, kijijini kwao, anakula kuku. Wala mkandarasi. Anayelipwa akiwa ushago ni mfanyakazi."



Aliniambia atakuja Kariobangi mwisho wa wiki kuwauliza mafundi wenyewe, mmoja mmoja, na kwamba majibu yao ndiyo yatakayopelekwa ofisi ya kodi. Nikashuka ngazi zile nikiwa na wazo moja tu, na silionei fahari. Kama mafundi wangesema wanajitegemea, karakana ingebaki.

Kesho yake tulikuwa Kiamaiko, mimi na fundi mzee, ndani ya chumba cha baridi cha mteja wetu wa zamani. Mbuzi waliochunwa walining'inia pande zote mbili, nasi katikati tulikuwa tukitafuta mahali gesi inapovujia. Yeye alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba, mimi nilishika tochi. Nilijua siwezi kumtazama usoni, kwa hivyo nilitazama povu.

"Mhasibu akikuuliza," nikasema, "mwambie wewe unajitegemea. Kwamba mimi ni mteja wako tu."

Aliendelea kupaka. "Nitasema vile unataka, Injinia."

"Si kusema uongo. Ni vile karatasi inasema."

"Sawa." Povu likatokea kwenye kiungo cha tatu, kubwa kama jicho la mbuzi. Akalionyesha kwa kidole. "Hapa ndipo." Kisha, akiwa bado ameinama: "Nikuulize tu. Mama yangu alipokufa, nilikuwa nimekuja kwako siku ngapi? Mwezi mmoja. Na jeneza ulinunua, ukasimama kaburini ukasema huyu ni mtu wangu. Wazee kwetu mpaka leo huniuliza boss wako anaendeleaje. Sasa mimi nitamwambia huyo mhasibu nilikuwa nauza huduma?"

Baridi ilikuwa imeanza kuingia kwenye viatu. Nilifikiri juu ya ile barua yangu, na nikaona kwamba kuhusu mtu huyu hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Uongo ulikuwa ni zile karatasi sita za boneti. Miaka mitatu watu hawa hawakuwekewa akiba ya uzeeni wala kuchangiwa matibabu, na mimi nilikuwa nikijiita baba yao.

"Sema ukweli," nikamwambia.

"Wazi, Injinia. Niletee spana ya kumi na saba."

Nikamletea.

Mhasibu alipokuja, aliwahoji nje, karibu na pikapu, nami nikabaki ndani kama mgonjwa. Alipoingia alikuwa na sura tofauti kidogo.

"Wanne ni wafanyakazi wako. Huwezi kukwepa. Lakini kuna wawili ambao hukuwahi kunieleza habari zao."

Hao wawili walikuja kwangu siku tatu tu kwa wiki. Walikuwa na geji zao. Siku nyingine walihudumia friji za lojingi, zile nyumba za wageni za Eastleigh, na walikuwa na vitabu vyao vya risiti. Desemba hawakwenda popote kwa likizo yangu, kwa sababu huo ndio msimu wao wa pesa. Walikuwa wakandarasi wa kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyewatia kwenye hesabu ya wanangu.

"Sasa kwa nini uliandika 'wote sita'?" mhasibu akauliza.

Nilimjibu ukweli. "Sita inasikika vizuri kuliko nne."

Alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Bwana, hiyo sauti nzuri ingekugharimu theluthi nzima."

Tulikwenda pamoja ofisi ya kodi. Nilikuwa nimejitayarisha kukutana na simba. Nilimkuta dada mdogo kiumri, mwenye mafua, aliyetupa viti na kutuomba radhi kwa kukohoa. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Nimeisoma mara mbili," akasema. "Kwa kweli huwa hatupati barua kama hizi."

Nilitaka kumweleza kuhusu somo la kuandika ripoti, lakini mhasibu aliniwekea mkono gotini. Mhasibu akaweka mezani vitabu vya risiti vya wale wawili na maelezo ya wale wanne, hakuficha chochote. Mazungumzo yaliendelea kwa miezi, barua juu ya barua, na kila barua aliiandika yeye, kwa mistari sita au saba. Mwisho wale wawili wakaondolewa. Kwa wale wanne nilidaiwa kila kitu, lakini sehemu ya adhabu ikapunguzwa kwa sababu tulikuja wazi, na deni likagawanywa kwa awamu. Kazi yote ya mhasibu ililipwa na bima. Nilipoonyeshwa ankara yake nilikaa chini. Hiyo peke yake ingenifungia mlango kabla kodi haijafika.

Lakini awamu ya kwanza ilikuwa nzito, nayo ilikuwa juu yangu. Mtu kama mimi hajui kukopa. Nilijifunza. Chama chetu cha kanisani kilinipa, baada ya mwenyekiti kunihubiria juu ya unyenyekevu kwa muda ambao sioni haja ya kuutaja. Shemeji yangu, kakake mke wangu, aliyekuwa amevuna miwa, alituma yake kwa simu na ujumbe wa maneno mawili: Lipa, shem. Na siku chache baadaye, fundi mzee aliingia ofisini akafunga mlango. Wale wanne walikuwa na mfuko wao wa kusaidiana, wa misiba na karo. Walikuwa wamekaa kikao bila mimi.

"Injinia, hii ni ya kukopesha, si zawadi," akasema. "Usije ukaandika barua."

Nilipokea kwa mikono miwili.

Tangu mwezi huo wanne hao wamo kwenye orodha ya mishahara, na kila mwisho wa mwezi wanapata karatasi yenye makato yote. Mwanzoni walilalamika, kama mtu yeyote anayeona pesa yake imepungua. "Hii nyumba wananijengea iko wapi, Injinia?" mmoja alikuwa akiniuliza kila mwezi. Mimi nikawa nalipa ofisi ya kodi kwanza, wakopeshaji pili, na mimi mwenyewe mwisho. Niliuza suti mbili za Doha. Tulipata mkataba wa vyumba vitatu vipya vya nyama. Mwaka ukazunguka, na mwingine nusu yake. Awamu ya mwisho ya kodi ikaisha, na karakana ilikuwa bado na kufuli langu mlangoni.

Wakopeshaji niliwamaliza wote siku moja. Nilitaka iwe siku moja, na mke wangu akasema hiyo pia ni majivuno, nami nikakubali. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilikwenda kwenye kikao cha chama nikaweka salio langu mezani, mwenyekiti akaandika na kutia sahihi. Nikiwa njiani nilimtumia shemeji pesa zake. Akanipigia simu saa hiyo hiyo, akasema alifikiri ni makosa ya mtandao, tukacheka. Nilifika Kariobangi mafundi wakipakia mitungi ya gesi kwenye pikapu. Nikamwita fundi mzee kando na kumpa bahasha ya mfuko wao, yote iliyobaki.

Aliikunja mara mbili akaitia mfuko wa ndani wa ovaroli, akafunga kifungo.

"Tunaanzia wapi leo," akauliza, "Kiamaiko ama Industrial Area?"

"Kiamaiko," nikasema, nikapanda upande wa dereva.